Njia ya mtu na njia ya gogo



Katika sura ya 6, aya ya 16, Nabii Yeremia anawaambia watu wake jambo ambalo mzee yeyote wa Biharamulo angelielewa bila kufafanuliwa. Anawataka wasimame njia panda, watazame, waulizie mapito ya zamani, na wakishaijua njia iliyo njema waifuate, ndipo roho zao zitapata pumziko. Jibu la watu lilikuwa fupi na la ukaidi: hatuendi. Dominika ya leo napenda tuitafakari aya hiyo tukiwa msituni, kwa maana huku kwetu mapito ya zamani yanapotea kweli, wala si kwa mfano tu.

Anayesafiri kwa basi kutoka Biharamulo kwenda Muleba au Ngara hupita katikati ya miti kwa muda mrefu. Sehemu kubwa ya pori hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Nje ya hifadhi ipo misitu mingine, na humo shoka na msumeno vimefanya kazi kubwa: mninga kwa ajili ya mbao, miti mingine kwa ajili ya mkaa na kuni. Abiria akitazama dirishani hudhani ni pori tupu ambalo halijawahi kuwa na wenyewe. Sivyo. Nchi hii ilikuwa na njia nyingi.

Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita Usui, eneo lililotawaliwa na Mtemi Suwarora, wakaachia hongo nyingi kabla ya kuruhusiwa kuendelea kwenda Karagwe kwa Mtemi Rumanika. Vitabu vingi huwaita wavumbuzi. Lakini hawakufyeka njia mpya. Walifuata njia ya misafara ya biashara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe na Buganda, wakiongozwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, na mizigo ikibebwa na wapagazi ambao majina yao mengi hayakuandikwa. Baadaye wakaja Mapadre Weupe, waliofungua misioni ya Ushirombo mwaka 1891, kisha Katoke, hapa hapa Biharamulo. Nao pia walitembea juu ya nyayo za wengine. Na walipokwisha kujenga misioni, wakafuata makatekista, walioibeba Injili kwa miguu kutoka kilima hadi kilima, pasipo baiskeli wala mshahara wa kutajika.

Njia hizo zilikufaje? Hazikufa siku moja. Enzi za Waingereza watu wa baadhi ya maeneo walihamishwa na kukusanywa pamoja ili kuepushwa na mbung'o na ugonjwa wa malale. Miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa viliwasogeza watu kando ya barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994 ndugu zetu kutoka Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Binadamu lazima apike, na vilima vilivyozunguka kambi kama Benaco vikabaki uchi. Kisha likaja jinamizi la ujambazi. Wasafiri wa miaka ile wanakumbuka jinsi mabasi yalivyosindikizwa na askari wenye silaha katika pori la Kasindaga. Nani angethubutu kupita kwa miguu? Njia isipokanyagwa, majani huifunika.

Tena kuna jambo ambalo asiyeishi karibu na miombo halijui. Msitu uliokatwa huficha njia kuliko msitu uliosimama. Chini ya miti mikubwa kuna nafasi ya kupita. Lakini miti hiyo ikikatwa, visiki huchipua, kila kimoja kikitoa vichipukizi vingi, na baada ya miaka michache panakuwa kichaka ambacho hata mbuzi hupita kwa taabu.

Miaka michache iliyopita wazee wa kigango kimoja waliniomba niungane nao kuitafuta njia waliyoiita njia ya katekista. Ilikatiza msitu hadi kigango cha upande wa pili, ambako wameoa na kuolewa na ambako nusu ya wasimamizi wao wa ubatizo walizikwa. Kwa barabara ni lazima kuzunguka mbali kwa bodaboda, na nauli yake kwa mzee asiye na pensheni ni chakula cha siku kadhaa. Kati yao alikuwapo bibi mmoja aliyefiwa na dada yake ng'ambo ile. Mazishi yalimpita, na kaburi alikuwa hajaliona. Tulichukua ruhusa ofisi ya kijiji, mjumbe mmoja wa kamati ya maliasili akafuatana nasi, na vijana wa VIWAWA wakabeba mapanga na maji.

Vijana walitangulia. Waliona njia pana, imenyooka, wakaifuata kwa furaha. Baada ya mwendo wa nusu saa ikaishia kwenye kisiki, shimo la kupasulia magogo na lundo la unga wa mbao. Tukarudi. Wakaona nyingine, pana vilevile, nayo ikaishia kwenye kisiki. Ya tatu hivyo hivyo. Hapo mzee mmoja, ambaye babu yake alikuwa katekista, akaketi juu ya kichuguu akacheka. "Wajukuu zangu," akasema, "ninyi mnafuata gogo. Sisi tunamtafuta mtu."

Kisha akatufundisha kutazama. Njia ya mtu haina haraka ya kunyooka. Hufuata mgongo wa kilima, hushuka bondeni pale penye kivuko chembamba, tena hupita karibu na maji. Udongo wake umeshindiliwa na nyayo za vizazi, hivyo hubonyea kama mfereji mdogo na majani yake huwa mafupi. Ukikuta minyaa katikati ya msitu, simama, kwani huo ulikuwa ua wa nyumba ya mtu. Mwembe mzee au jiwe la kusagia husema vivyo hivyo. Mahali pamoja njia ilipinda bila sababu yoyote tuliyoiona. Mzee akasema hapo palisimama mti mkubwa. Mti haupo tena, ila njia bado inauheshimu.

Siku ile tulifika kijitoni tu, jua likatugeuza. Habari zilivuka kabla yetu. Tuliporudi wiki iliyofuata, tulisikia mapanga upande wa pili: wenzetu walikuwa wakifyeka kuja kutulaki. Njia ya watu wawili hufunguliwa kutoka pande zote mbili. Kabla ya masika bibi yule alivuka na fimbo yake, akipumzika mara nyingi, akasali rozari yake kando ya kaburi la dada yake mpaka mwisho. Hakuna aliyemharakisha.

Ndugu zangu, tofauti kati ya njia hizo mbili ndiyo tafakari yetu ya leo. Njia ya gogo hufunguliwa na anayekwenda kuchukua. Ni pana, hufanywa kwa siku chache, na kitu kikishachukuliwa hakuna anayerudi. Mwisho wake ni kisiki. Njia ya mtu hufunguliwa na anayekwenda kutembelea. Ni nyembamba, huchukua miaka, na mwisho wake ni mlango wa nyumba.

Sasa tujipime. Mtoto aliyeko mjini ambaye simu yake kijijini huita wakati wa kuvuna maharage tu, amefungua njia gani? Kiongozi anayeonekana majira ya kura? Padre anayefika kigangoni siku ya mavuno na zaka, lakini mgonjwa akihitaji Mpako Mtakatifu gari linakuwa bovu? Mwanajumuiya anayemkumbuka jirani akitaka mkopo? Nyumba ngapi zimejaa visiki vya urafiki wa namna hiyo!

Wakristo wa kwanza, kabla hawajaitwa Wakristo, waliitwa watu wa Njia (Mdo 9:2). Na Bwana wetu hakusema tu kwamba anaijua njia. Alisema yeye mwenyewe ndiye njia (Yn 14:6). Njia yetu ni mtu. Hata pumziko lile ambalo Yeremia aliwaahidi watu wake wakalikataa, Yesu analitoa tena kwa wote wanaolemewa na mizigo (Mt 11:28-29). Alilitoa akiwa anatembea kwa miguu, akiingia nyumba za watu, akienda kwa Zakayo, kwa mama mkwe wa Petro na kwa Martha na Maria.

Msikate tamaa mkiona msitu umekwisha. Ayubu aliona kwamba mti ukikatwa bado kuna tumaini, kwa sababu ukipata harufu ya maji huchipuka tena (Ayu 14:7-9). Miombo yetu inathibitisha jambo hilo kila mvua inaponyesha. Lakini chipukizi hazikumbuki njia. Wanaokumbuka ni wazee, na wazee hawachipui. Kila mazishi ya mzee ni njia iliyofungwa, kama hakuna aliyemwuliza.

Basi wiki hii, katika jumuiya yako ndogo ndogo, mtafute aliye mzee kuliko wote. Kaa naye. Kuuliza si ujinga. Mwulize zamani watu wa hapa walikuwa wakimtembelea nani, na walipita wapi. Halafu inuka, uende huko mikono ikiwa na kitu cha kutoa.

Nawatakia Dominika njema.