Sufuria ipi inastahili pesa yako?

Dukani vyombo vyote vinang'aa, na muuzaji atakutajia namba na bei basi. Swali la kumuuliza ni moja: hii imetengenezwa kwa nini? Jibu lake ndilo litakaloamua wali utaungua au la, na baada ya muda gani utarudi kununua nyingine.

Sufuria nyepesi ya alumini ndiyo imejaa majikoni kwetu, na kwa haki. Bei yake ni ya chini, na alumini husambaza joto zaidi ya mara kumi kuliko stili. Kwa chai, maharage na maji ya moto, hakuna sababu ya kulipa zaidi. Kasoro ni wembamba. Wali huungua katikati huku pembeni bado una kiini. Kabla hujalipa, igeuze, kandamiza kitako kwa vidole gumba, kikibonyea, irudishe.

Stili ni ghali, mara nyingi maradufu na zaidi. Faida yake ni kwamba haidhuriki na nyanya, ndimu wala ukwaju, hivyo mchuzi unaweza kulala humo hadi kesho. Alama ya 18/10 inamaanisha kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. Lakini stili peke yake husambaza joto vibaya mno, kwa hiyo iliyo nyembamba huunguza chakula pale pale moto unapogusa. Tafuta yenye kitako kinene, kilichowekewa alumini katikati. Nashauri kwa dhati: nunua moja ya aina hiyo, uachane na lile seti la sufuria nyembamba linalopendeza kabatini. Na kama unapikia jiko la induksheni, nenda na sumaku. Isiponasa kwenye kitako, jiko halitaipasha.

Kikaango cha nonistiki kinafaa mayai na chapati za maji, kwa moto mdogo na mwiko wa mti. Utando wake huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya gesi kali hufika huko kwa dakika chache. Kwenye mkaa sikishauri kabisa. Piga hesabu: tuseme umekinunua shilingi 30,000 na utando ukatoka baada ya miaka miwili, umelipa 15,000 kwa mwaka. Kikaango cha chuma kizito cha shilingi 60,000, ukikipaka mafuta kisishike kutu, kikidumu miaka 20 kimekugharimu 3,000 kwa mwaka.

Chungu, kama vile vya Wakisi wa Ikombe, Ziwa Nyasa, huchelewa kupata moto lakini hulishika. Samaki wa nazi hawana chombo bora zaidi. Ila usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka.

Zimebaki sufuria nzito zinazosubiwa na mafundi kwa vyuma chakavu, na hizi ndizo zinazonitia hofu. Wengi huzipenda kwa unene wake. Lakini humo huyeyushwa vipuri vya injini, rejeta na chochote kilichookotwa, na pamoja navyo huingia madini ya risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya aina hii kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya theluthi vilitoa risasi ya kiwango cha hatari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hakijulikani kiwango kilicho salama. Vyakula vichachu huitoa zaidi, na kusugua hakuiondoi.

Sufuria ya aina hii utaitambua kwa uso wenye chembechembe, kuta zisizolingana unene, na kukosa jina la kiwanda. Kama unayo nyumbani, usiipikie tena chakula. Ipashie maji ya kuoga na ya kufulia, na uji wa mtoto uuhamishie kwenye sufuria nyingine leo.