MIKUTANO YA INTANETI: KWA NINI SAUTI HAIPITI

Wanachama, twapenda kueleza jambo linalotutatiza mara kwa mara. Mkutano hufunguka, majina huonekana, lakini aliye Wete hamsikii aliye Mkokotoni. Asiyesikika hana kauli, na mambo ya bei na mikopo huamuliwa bila yeye. Haifai kuendelea hivyo.

Jitsi Meet ni programu ya mikutano ambayo chama chaweza kuiweka katika seva yake chenyewe bila kulipia leseni. Mara nyingi seva hiyo hukaa nyuma ya vitu viwili. Cha kwanza ni faiawoli, yaani ukuta wa ulinzi, unaofunga milango yote isipokuwa iliyoruhusiwa. Cha pili ni proksi ya mbele, mfano wa bawabu: humpokea mgeni, humwonyesha cheti cha usalama, kisha humpeleka kwenye seva anayoitaka.

Basi yafaa ijulikane kuwa mkutano una mizigo miwili. Ukurasa na majina hupita mlango nambari 443 kwa njia ya TCP, na bawabu huvipeleka. Sauti na picha hupita mlango nambari 10000 kwa njia ya UDP, wala bawabu wa kurasa hashiki mzigo huo. Ni kama karani wa ofisi: barua huzipokea, lakini magunia ya karafuu yana njia yake ya ghalani.

Dalili ni hii: wakiwa wawili husikilizana vyema, akiingia wa tatu kimya. Wawili huweza kuunganishwa moja kwa moja. Watatu hapana budi wapitie seva.

Dawa yake ni hii:

1. Faiawoli ifungue UDP 10000 kuelekea seva ya mkutano tu. Msifungue milango yote.

2. Ikiwa seva ina anwani ya ndani, iandikiwe pia anwani yake ya nje, ama sivyo itawaelekeza watu wasikoweza kufika.

3. Bawabu aruhusiwe kupitisha WebSocket.

4. Kwa wanaozuiliwa UDP huko waliko, iwekwe seva ya TURN, ibebe sauti kwa TCP.

Kisha jaribuni siku moja kabla, watu watatu, kila mmoja kwa mtandao wake. Watatu wakisikilizana, mkutano na uitishwe.