Sentimita 51 Hadi Begani

Mei 1991, msichana wa miaka sita alishambuliwa na mbwa aina ya pit bull mjini Bradford, Uingereza. Umma uliwaka hasira, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Kenneth Baker, akapeleka muswada bungeni mbio mbio. Agosti sheria ilikuwa imeanza kazi. Aina nne zikapigwa marufuku: pit bull terrier, tosa wa Japani, dogo Argentino na fila Brasileiro.

Sheria hiyo haijali wazazi wa mbwa ni akina nani, huangalia umbo. Mbwa akishukiwa kuwa pit bull, ni juu ya mwenye mbwa kuthibitisha kwamba siye. Tena, hadi ilipolegezwa mwaka 1997, ukitiwa hatiani hakimu hakuwa na hiari: mbwa auawe, hata kama hajawahi kumng'ata mtu.

Kisha ikaja zamu ya mbwa aina ya XL Bully. Tangu Februari 1, 2024, kumfuga England na Wales bila cheti ni kosa. Maombi ya cheti yaligharimu pauni 92.40, na masharti ni mazito: mbwa ahasiwe, awekwe chipu chini ya ngozi, akatiwe bima, na akitoka nje awe kwenye kamba na mdomo umefungwa. Aliyechagua mbwa wake auawe kwa sindano aliweza kudai fidia ya pauni 200. Na kipimo? Dume huanza kuhesabiwa akifika sentimita 51 hadi begani, jike 48.

Mzazi aliyezika mtoto ana haki ya kudai sheria kali, na mimi nasimama naye. Lakini sentimita haziumi mtu. Kwangu, uzito wa sheria ya 1991 uko katika kifungu chake cha tatu, kisichozungumziwa sana: mbwa yeyote, wa umbo lolote, akiponyoka na kuwa hatari, mwenyewe anashtakiwa. Tangu 2014 kinagusa hata ndani ya nyumba, na mtu akifa, kifungo hufika miaka 14.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 233, inaelekea huko huko. Hamna orodha ya aina za mbwa. Kosa ni mtu kuzembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kuletwa na mnyama wake. Kwa hiyo anayefuga mbwa wa ulinzi na kuacha geti wazi asubuhi, watoto wakipita kwenda shule, tayari ana la kujibu.