Pesa ya Kahawa, Pesa ya Ndizi, Pesa ya Maziwa

Chukua kaya mbili za Moshi zenye kipato kile kile na watoto idadi ile ile. Moja inafika tarehe 30 haidaiwi na mtu. Nyingine tarehe 18 tayari imeandikwa kwenye daftari la duka: unga kilo mbili, sukari nusu, sabuni mche mmoja. Ushauri uliozoeleka ni kuiambia kaya ya pili ibane matumizi, ipunguze nyama, ipunguze vocha. Katika kazi yangu ya ushauri wa uchumi wa kaya nimeona ushauri huo ukishika wiki mbili tatu, kisha daftari linafunguliwa tena. Ukikaa na hesabu za nyumba hizo mbili, mara nyingi utakuta tofauti iko kwenye jambo moja: pesa ipi inalipa nini. Wazee wa mlimani walikuwa na jibu la swali hilo, na jibu lenyewe lilikuwa limepandwa kihambani.

Kwa msomaji ambaye hajapanda Kibosho, Marangu au Rombo, kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba, katika ukanda wa kati ya mita 900 na 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu kabisa ni miti ya kivuli, mbao na kuni, kama miringaringa na migrevilia. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni maharage, magimbi, viazi vikuu na mboga. Mimea ya masale inashika mpaka. Ng'ombe yuko zizini, analetewa majani, na samadi yake inarudi kwenye mgomba. Maji yalikuja kwa mfongo, yaani mfereji kutoka korongoni, kwa zamu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1984 walikuta wastani wa kihamba ni hekta 0.68, yaani kama ekari moja na robo tatu, na kwa mwaka eneo hilo dogo lilitoa kahawa kilo 280, maharage kilo 125 na mikungu ya ndizi 275. Gawanya mikungu hiyo kwa wiki 52 upate mitano na ushee kila wiki. Si ajabu kwamba mwaka 2011 kihamba cha kijiji cha Shimbwe Juu kiliingizwa na FAO kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia.

Wanaosifu kihamba husifu miti na ikolojia. Mimi navutiwa zaidi na kalenda yake ya fedha. Maziwa yalileta pesa kila siku, chache, kutoka kwa jirani au mteja wa jioni. Hizo zilinunua chumvi, kiberiti, sukari. Ndizi zilileta pesa kila siku ya soko, pale Mwika, Marangu Mtoni au Kiboriloni. Mama alishuka na mkungu kichwani, akapanda na nyama, mafuta na madaftari. Kahawa ilileta pesa kubwa ya msimu, na hiyo ilikuwa ya ada, mabati na kodi. Kahawa ilianza kupandwa na wamisionari wa Kilema mwaka 1898. Wakulima wakaunda chama chao cha KNPA mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933, na chama kikawa kinalipa kwa awamu: malipo ya kwanza ukipeleka kahawa, kisha nyongeza baadaye mauzo yakikamilika. Malipo hayo ya pili yalifanya kazi ya kibubu ambacho baba hakuweza kukivunja mapema.

Kwa hiyo kila bili ilikuwa na pesa yake, yenye mwendo kama wake. Bili ya kila siku ililipwa na pesa ya kila siku. Bili ya mwaka ilingoja pesa ya mwaka. Mama hakuhitaji kuchota kwenye ada ili anunue chumvi, wala baba hakusubiri chumvi ibaki ili alipe ada. Mpango huo ulikuwa na dhuluma yake: kahawa ilikuwa mkononi mwa mwanamume, na palipo na baba aliyeimaliza kwenye kilabu cha mbege, watoto walikosa shule hata kama ndizi zilijaa. Hilo lisifichwe. Lakini kama mpangilio wa fedha, sijaona bora.

Ulivunjika lini? Tarehe inajulikana hadi mwezi. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakipanga mgao wa kahawa sokoni yalisambaratika, bei ikaporomoka duniani kote, na miaka ya mwanzo ya 2000 ikaporomoka tena. Mibuni ilikuwa imezeeka, ugonjwa wa chulebuni ulikula matunda, dawa zilikuwa ghali, na wengi wakang'oa au wakaacha ijifie. Huku nyuma vihamba vilikuwa vikigawanywa kwa wana, na leo wengi wanaishi kwenye eneo lisilofika ekari moja. Pesa ya mwaka ikatoweka lakini bili za mwaka zikabaki. Tangu hapo ndizi na maziwa, ambazo zilikuwa pesa ya jikoni, zinaitwa kulipa sare, michango, bati na matibabu. Mkungu uliokuwa uliwe unauzwa asubuhi, na jioni mama ananunua unga. Hapo ndipo kaya inapovuja.

Nieleze uvujaji huo kwa hesabu, na tarakimu zangu hapa ni za mfano tu. Tuseme mchuuzi ananunua mkungu wa ndizi mshare shambani kwa shilingi 8,000. Mkungu huo ungelisha nyumba siku tatu: mtori, machalari, kiburu siku ya maharage. Ukiuuza, siku hizo tatu utanunua unga, mchele na mafuta ya ziada kwa, tuseme, shilingi 15,000. Umepata 8,000 ukatoa 15,000, na moyoni unahesabu kuwa umefanya biashara. Sababu ni kwamba unauza kwa bei ya shambani na kununua kwa bei ya dukani, na katikati ya bei hizo mbili wanakula mchuuzi, mwenye lori, dalali na mwenye duka. Kila unachokula kutoka kwako kina thamani ya bei ya dukani. Kila unachouza kina thamani ya bei ya shambani. Mtu akishika hilo tu, nusu ya maamuzi yake ya nyumbani yatabadilika bila kufundishwa mengine.

Sisemi kila kitu kiliwe. Parachichi la kuuzwa nje likipata bei nzuri, uza, kwa sababu hakuna familia inayoweza kula mti mzima. Maziwa nayo yana soko la uhakika mahali palipo na chama. Wanawake wa Nronga, kule Machame, waliunda ushirika wao wa maziwa mwaka 1988 kwa sababu mmoja mmoja walikuwa hawana sauti kwa mnunuzi. Pima tu kila mara: ninachouza kitanunua nini, kwa bei gani, na je, kingekaa wapi kama nisingekiuza?

Swali hilo la mwisho linatupeleka kwenye mahindi. Kaya nyingi za mlimani zina kipande tambarare, chini ya barabara kuu, kinachovunwa mnamo Julai na Agosti. Agosti kila mtu anauza na debe ni rahisi. Februari na Machi kila mtu ananunua. Anayeuza gunia Agosti akalinunua tena Machi ameikopa pesa yake mwenyewe kwa riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuitangaza. Watu wanauza mapema kwa hofu ya dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wetu walimpa jina la Scania, na hofu hiyo ni ya haki: ghala lililoachwa bila kinga hugeuka vumbi. Dawa ipo na ni nyepesi. Mifuko ya tabaka tatu, ile inayojulikana kwa jina la PICS, ina nailoni mbili nzito ndani ya kiroba. Ukiifunga vizuri wadudu wanaimaliza hewa iliyomo na kufa, bila kemikali yoyote. Sharti ni moja: mahindi yawe makavu kweli, la sivyo yataota ukungu humo ndani.

Ukavu unapimika nyumbani. Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikidondoka chini yote, kioo kikabaki safi, funga mifuko yako. Chumvi ya kipimo hicho haifiki hata shilingi mia moja, nayo inalinda chakula cha miezi mitano.

Baada ya chakula, pesa nyingi ya jikoni huteketea kwenye mkaa na gesi. Maharage ndiyo mlaji mkubwa wa moto, nayo hatuwezi kuyaacha. Yaloweke usiku, mwaga maji yale, yapike kwa maji mapya, na funika sufuria muda wote. Yakishachemka kwa nguvu nusu saa hivi, yaondoe jikoni yakiwa yanatokota na yaingize kwenye kapu kubwa lililoshindiliwa matambara, sweta za mitumba zilizochakaa au majani makavu ya mgomba, kisha weka mto mzito juu. Usifunue kwa saa tatu au nne. Yatakuwa yameiva, au yatataka dakika chache tu. Ule mchemko wa mwanzo usiufupishe, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu inayokufa kwa mchemko wa kweli tu. Makande yanakubali njia hiyo hiyo, na mama anayeondoka asubuhi kwenda soko la Mbuyuni anarudi mchana na kukuta chakula cha moto ambacho hakuna aliyekikalia.

Mwenye ng'ombe wawili zizini anaweza kwenda mbali zaidi, kwenye bayogesi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimefundisha mafundi wa mitambo hiyo kwa miongo kadhaa, na tope linalotoka ni mbolea nzuri kwa migomba. Gharama ya kujenga ni kubwa, kwa hiyo hiyo ni bili ya pesa ya mwaka. Usiijenge kwa pesa ya maziwa.

Hapa lazima niseme jambo linalonikera katika mafundisho ya kujitegemea. Mengi yanahesabu shilingi na kusahau mgongo. Mabua yanayotoka tambarare kwenda kwa ng'ombe wa Kirua au Uru yanapanda kilometa kadhaa juu ya kichwa cha mwanamke, na hakuna anayeyaandika kwenye bajeti. Kama mbinu ya kuokoa shilingi elfu mbili inamchukua mama saa nne, familia imemuuza kwa shilingi mia tano kwa saa. Ng'ombe mmoja anayeshibishwa na majani yaliyopandwa kwenye matuta ya kihamba na vipande vya mgomba uliokwisha kuzaa ni bora kuliko wawili wanaomvunja mtu. Katika vikao vyetu huwa naomba kila mbinu iandikwe saa zake na jina la atakayeifanya. Karatasi inabadilika mara moja.

Na aliyepanga chumba Pasua, Majengo au Njoro, asiye na mgomba hata mmoja? Kalenda anaweza kuwa nayo. Dereva wa bodaboda ana pesa ya maziwa, kila siku, nyingi kuliko anavyodhani. Mwalimu ana pesa ya mwezi. Mama wa genge ana zote mbili zikiwa zimechanganyika kwenye pochi moja, ndiyo maana mtaji wake unaliwa. Kazi ya kwanza ni kuzitenga: laini moja ya simu kwa chakula, nyingine kwa kodi ya nyumba, na kikundi cha akiba kwa bili za mwaka. Kazi ya pili ni kuacha kununua kwa vipimo vidogo pale inapowezekana. Mafuta ya kupikia yanayopimwa kwa kikombe kila jioni ni ghali kuliko ya dumu, na maharage ya kilo ni ghali kuliko ya gunia. Nyumba nne za uani zikichangia gunia moja la Mbuyuni na kugawana kwa debe, zimepata bei ya jumla bila yeyote kutoa fedha ya gunia zima. Nguo za shule na za nyumbani zinunuliwe soko la Memorial katikati ya muhula, bei ikiwa imetulia, si wiki ambayo kila mzazi yuko pale.

Kuhusu kikundi, sitaki kuacha jambo moja la tarehe. VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ndiyo kahawa ya siku hizi: hisa ndogo kila wiki, mgawo mkubwa mara moja kwa mwaka. Vikundi vingi vinavunja mzunguko mwanzoni mwa Desemba. Huo ndio mwezi ambao Wachaga wanarudi nyumbani, nauli zinapaa, ndafu zinachomwa, na hakuna mwenye moyo wa kumnyima ndugu aliyetoka mbali. Sina ugomvi na sherehe hiyo; ukoo unashikana kwa namna hiyo. Lakini shule zinafunguliwa Januari. Ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, ila sare, godoro la bweni, madaftari na michango havikufutwa. Mgawo wa Desemba haufiki huko. Mkikutana kurekebisha katiba ya kikundi, gaweni mara mbili: sehemu moja wiki ya kwanza ya Desemba kwa ajili ya sikukuu, na iliyo kubwa wiki ya kwanza ya Januari, ikitolewa kwa mwanachama aliyekuja na orodha ya mahitaji ya shule mkononi.