Mkongo umefika mkoani, bado mtaani

Mwaka 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa, Tanzania ilianza kuachana na setilaiti kama njia yake kuu ya intaneti. EASSy ukafuata 2010. Lakini mkongo unaoishia ufukweni haumfai mfanyabiashara wa Kigoma wala wa Songea. Kampuni binafsi hupeleka faiba kwanza penye wateja wengi, kwa kuwa mtaji wao lazima urudi. Pengo hilo ndilo Serikali ilianza kuliziba 2009 kwa kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kwa mkopo wa masharti nafuu kutoka Benki ya Exim ya China. TTCL ndiyo inayouendesha na kuuza huduma yake kwa jumla kwa kampuni za simu na watoa huduma za intaneti.

Uamuzi mmoja wa busara ulikuwa kutumia njia zilizokuwapo. Ukipita chini ya laini kubwa ya TANESCO, tazama waya wa juu kabisa, ule unaozikinga nyaya nyingine dhidi ya radi. Katika baadhi ya laini, ndani ya waya huo mna nyuzi za kioo zinazobeba simu na miamala ya benki. Kwingine mitaro ilichimbwa. Mtandao ukafungwa kwa mizunguko, ili ukikatika upande mmoja mawasiliano yapite upande wa pili.

Faida yake imevuka mipaka. Rwanda, Burundi, Uganda, Zambia na Malawi hazina bahari, na mkongo umefika mipakani mwake, Rusumo, Kabanga, Mutukula, Tunduma na Kasumulu. Biashara hii ni ndugu wa ile ya bandari: jirani anapitisha data yake, nchi inapata fedha za kigeni.

Hata hivyo, Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa wakati mmoja katika bahari ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota nchini. Mizunguko ya bara haikusaidia sana, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye milango ya baharini. Anayetaka kuwauzia majirani njia lazima awe na njia nyingi za kutokea, zisizopita mkondo mmoja.

Udhaifu wa pili uko mtaani. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku. Ni hatua kubwa. Ila mnara usiofikiwa na faiba hupokea data kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, na uwezo wake ni mdogo. Jioni watumiaji wakiongezeka, wakala wa fedha anabaki anasubiri muamala ujibu huku foleni ikirefuka.

Kwa hiyo fedha za umma zinazofuata ziende kwanza kwenye matawi: faiba hadi minarani, hospitali za wilaya, sekondari na ofisi za halmashauri. Taasisi hizo ni wateja wa kudumu. Malipo yao yanaweza kuishawishi kampuni ndogo kumalizia waya hadi dukani. Sambamba na hilo, bei ya jumla ya mkongo itangazwe wazi na iwe moja kwa wote, kwa sababu mali hii imejengwa kwa deni ambalo kila mlipakodi analilipa, awe Masaki au Mpanda.