UZI: Mtu akilala njaa Nakuru, nani anafaa kuulizwa?

Kila mjadala wa siasa hapa Nakuru hufika pahali pamoja. Mtu anaandika kwamba kuna watu wanalala njaa Kaptembwo na Rhonda. Wa upande wa gavana anajibu hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Wa upande ule mwingine anasema pesa zilitumwa kaunti. Kisha ni matusi hadi saa sita usiku. Wacha tuone sheria inasemaje, na mtu asiye na unga leo jioni aende wapi.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kifungu hichohicho kinaitaka serikali itoe msaada kwa watu wasioweza kujikimu na wanaowategemea. Kwa hivyo mtu akikwambia ule mfuko wa unga ni "zawadi ya mheshimiwa", huyo anakuuzia kitu chako.

Mawakili watasema Kifungu cha 21 kinaruhusu haki za 43 zitimizwe hatua kwa hatua. Ni kweli. Lakini soma tena: kinataja 43 pekee. Haki ya kila mtoto kupata lishe ya msingi iko Kifungu cha 53, na huko hakuna maneno ya "hatua kwa hatua". Sijawahi kusikia mtu akiuliza hili kwenye mdahalo, na ndilo swali gumu kuliko yote.

Sasa, ni serikali gani? Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi, na udhibiti wa majanga umewekwa pande zote mbili. Ndiyo maana kila upande una mlango wa kutorokea.

Kuna jambo wengi hawalijui. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hufuatilia hali ya chakula katika kaunti 23 za maeneo kame. Majirani wetu Baringo, Laikipia na Narok wamo. Nakuru haimo. Mfumo wetu wa misaada umejengwa ukingoja mvua ikose, mifugo ife, halafu malori yatoke. Njaa ya hapa haifanani na hiyo. Viazi vya Molo vinapita barabarani kila siku, maghala ya NCPB yako papa hapa mjini, sokoni vyakula vimejaa. Kilichokosekana ni pesa ya gorogoro moja.

Mfano mzuri ni Naivasha, Machi 2020. Soko la maua Ulaya lilianguka kwa sababu ya korona na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wakatumwa nyumbani. Ziwa lilikuwa limejaa maji, lakini kwa nyumba za Karagita sufuria zilikuwa tupu. Huo ni ukame wa mshahara, na hakuna mamlaka ya kuupima.

Kinachobaki ni Inua Jamii, mpango wa serikali ya kitaifa. Ni wa wazee wa miaka 70 na zaidi, watu wenye ulemavu mkubwa, na familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kiwango ambacho kimekaa hapo zaidi ya miaka kumi. Gawa kwa siku 30: shilingi 66. Na baba wa miaka 34 aliyefutwa kazi ya mjengo? Kwake huo mpango haupo kabisa.

Kwa mwenye shida sasa hivi:

Mzazi wa mtoto mdogo aanze na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa au kituo cha afya cha serikali. Mtoto hupimwa mkono kwa ule mkanda wa rangi, na akipatikana na utapiamlo mkali kuna chakula maalum cha matibabu. Hii njia watu huisahau kwa sababu inaonekana ni mambo ya hospitali. Mtoto akiwa ameachwa bila chakula, kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au simu 116, bila malipo.

Mzee au mlemavu aende kwa chifu au naibu wake na kitambulisho, aulize usajili wa Inua Jamii. Wa ulemavu awe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mafuriko au moto ukiingia, Msalaba Mwekundu ni 1199.

Kwa sahani ya leo, ukweli ni kwamba dini zinafanya kazi kuliko serikali zote mbili. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki, misikiti hasa Ramadhani, na hekalu la Kalasinga, ambako kulisha mgeni ni sehemu ya ibada na hawakuulizi wewe ni wa dini gani.

Na kama orodha ya chifu ina majina ya jamaa za watu wakubwa tu? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza ofisi ya umma kwa maandishi, hata kwa Kiswahili: ni vigezo gani vilitumika, walisajiliwa wangapi, magunia mangapi yalipokelewa. Wana siku 21 kujibu. Wakinyamaza, peleka kwa Ombudsman. Weka nakala yenye muhuri wa siku uliyowasilisha.

MCA wako akija kuomba kura, kumbuka chekechea ni kazi ya kaunti. Muulize uji wa watoto uko ukurasa gani wa bajeti.