Upotevu wa Singa na Mapato ya Mwanachama

Mkonge uliletwa katika pwani ya Tanga mwaka 1893, Dk. Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na iliyosalia hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu hapo mashine zimebadilika, lakini jani ni lile lile. Kila kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo 4 tu za singa kavu. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Kwa kuwa kinachouzwa ni kidogo kiasi hicho, upotevu unaoonekana mdogo huwa hasara kubwa.

Tuchukue mfano. Chama kimepeleka korona tani 100 za majani kwa siku moja. Kikipata singa kwa asilimia 4, kitakuwa na tani 4. Kikipata asilimia 3.5, kitakuwa na tani 3 na nusu. Nusu tani iliyopotea ni marobota mawili ya kilo 250 kila moja. Kwa siku 20 za kazi ni marobota 40, yaani tani 10. Gharama za kupata majani hayo hazikupungua hata senti moja: wakataji wamelipwa, trekta limekwenda na kurudi, na mashine imetumia nishati ile ile. Kwa hiyo karibu thamani yote ya singa iliyopotea ingekuwa ziada ya wanachama. Mwanachama haoni upotevu huo. Yeye huona malipo pungufu, na hapo ndipo huanza kumshuku katibu wake.

Upotevu huanzia shambani. Majani mafupi hutoa singa fupi zenye bei ndogo, na kukata kupita kiasi huudhoofisha mmea na kupunguza mavuno yajayo. Majani yaliyokwisha kukatwa nayo hayapasi kungoja. Yakilala juani kwa siku kadhaa hunyauka, nyama yake hushikamana na singa, na rangi huharibika. Ukataji hauna budi kufuata uwezo wa usafiri na zamu ya korona, wala usitangulie.

Katika korona yenyewe mambo matatu huangaliwa. Kwanza, nafasi kati ya ngoma yenye visu na bati lake: ikiwa finyu mno singa hukatika, na ikiwa pana mno nyama hubaki na daraja hushuka. Pili, kamba au minyororo inayolishika jani: ikilegea, jani huchomoka na kwenda zima pamoja na makapi. Tatu, ulishaji: majani yakirundikwa au kulazwa ovyo, mengine hayaparwi sawasawa. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua kikapu cha makapi yanapotokea, kuyaosha, kukausha singa zilizomo na kuzipima. Jambo hilo likifanywa kila juma, fundi atajua mapema kama mashine inahitaji kurekebishwa.

Singa safi huweza kuharibika hata baada ya hapo. Zikianikwa chini huchukua udongo. Zikifungwa na unyevu huota ukungu ndani ya robota.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu anashauriwa kuandika kila siku uzito wa majani yaliyopokelewa, shamba yalikotoka, tarehe ya kukatwa na uzito wa singa kavu zilizotokana nayo. Hata hivyo asilimia isisomwe kwa haraka. Umri wa mkonge, mvua na kiangazi huibadilisha, hivyo shamba lilinganishwe na lenyewe katika majira yale yale kabla ya mtu yeyote kulaumiwa.

Makapi nayo ni mali. Huko Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilijenga kabla ya mwaka 2010 mtambo wa mfano wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, kwa msaada wa UNIDO na wafadhili wengine. Mtambo wa namna hiyo huhitaji mtaji mkubwa, na haufai kuwa hatua ya kwanza ya chama kidogo. Kurekebisha ngoma, kukaza minyororo na kuwahisha majani hugharimu kidogo zaidi, na faida yake huonekana katika malipo yanayofuata.

Bodi ya chama inafaa kuidai taarifa ya asilimia ya singa katika kila kikao, na kuisoma mbele ya wanachama katika mkutano mkuu. Wakijua tani ngapi za majani ziliingia na marobota mangapi yalitoka, watauliza maswali yenye msingi, na katibu mwaminifu atakuwa na la kujibu.